Mawazo Mabaya: Kazi Peke Yake Haitoshi

Katika shule yetu mna shauri moja ambalo kila mwanafunzi mwenye huzuni hupewa, nalo ni hili: "Jishughulishe, yatapita." Wakubwa huwaambia wadogo, na wadogo wakiwa wakubwa huwaambia wanaowafuata. Mimi nami nimelitoa shauri hilo mara nyingi. Leo nataka kusema kwamba ni shauri jema, lakini ni nusu tu, na nusu iliyobaki tumeiacha kwa sababu tunaionea haya.

Kwetu ni bonde la Kilembe. Mnamo Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, kama ulivyofurika mwaka 2013. Maji yaliteremka na mawe makubwa kutoka mlimani, yakachukua nyumba, mashamba na madaraja. Hata hospitali ya Kilembe iliharibika, wagonjwa wakahamishwa. Nyumba yetu nayo ilikwenda. Nilikuwa na umri wa miaka 14. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa tangu Machi mwaka ule kwa sababu ya Korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Basi sikuwa na nyumba, wala shule, wala wenzangu. Kila mvua iliponyesha moyo ulinienda mbio. Nilichoka bila kufanya kazi, chakula hakikuwa na ladha, nikaanza kujiona mzigo kwa wazazi wangu.

Baba mdogo alipoona hivyo akanipa jembe. Nikapalilia kahawa, nikachota maji, na jioni nikacheza mpira wa majani ya migomba pamoja na watoto wa jirani. Nasema kweli, kazi ilinisaidia. Mikono ikishika jembe, kichwa hakipati nafasi ya kutangatanga. Wala asifikiri mtu kwamba nadharau kwaya, michezo au bustani ya shule. Mtu akilala kutwa akiyatafuna mawazo yake, mwisho mawazo humtafuna yeye.

Lakini jembe huwekwa chini jioni, na mpira huisha giza likiingia. Hapo ndipo mawazo yaliyofukuzwa mchana hurudi, tena hurudi pamoja na ndugu zao. Shauri la kujishughulisha halina neno la kumwambia mtu aliye macho saa nane za usiku.

Jambo hili nililifahamu vizuri mwaka 2023. Usiku wa tarehe 16 Juni waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, huko Mpondwe mpakani, wakaua wanafunzi 37 na watu wengine. Walikuwa vijana kama sisi, wamelala mabwenini kama sisi. Siku zilizofuata sisi tulisoma kwa bidii na kucheza kwa bidii. Usiku, taa zilipozimwa, kila mmoja alijifanya amelala. Siku moja ndoo ilianguka gizani, na bweni zima likaruka. Kisha mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akasema, "Mimi naogopa." Kimya kikapita. Halafu kijana mmoja mkubwa, mchezaji hodari ambaye sote tulimheshimu, akajibu, "Hata mimi." Basi tukaanza kuzungumza, mmoja baada ya mwingine. Hofu haikwisha usiku ule, lakini iligawanywa, na mzigo uliogawanywa hubebeka.

Najua wako watakaosema kwamba kuzungumza habari za huzuni ni kuieneza, kama mtu anayekohoa darasani. Nawajibu kwa jambo lililofanyika katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2002 wataalamu walifanya jaribio katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka. Katika baadhi ya vijiji hivyo, watu wenye ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi huitwa sonona, walikutana kwa vikundi mara moja kila juma kwa majuma 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa huko huko waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: waliokutana walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji visivyokuwa na vikundi. Huzuni iliyozungumzwa haikuenea, bali ilipungua.

Lakini urafiki nao una mpaka wake, na hapa naomba mnisikilize sana. Rafiki yangu mmoja, aliyefiwa katika msiba ule, aliniita nyuma ya jiko akaniambia kwamba afadhali asiamke tena. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaitunza siri ile usiku mmoja, nami sikulala. Asubuhi nilikwenda kumwambia nesi wa shule, naye akampeleka hospitali. Rafiki yangu hakunisalimu mpaka muhula ukaisha. Niliumia, lakini ningefanya vile vile tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemsaidia mgonjwa kuficha naye ana hatia. Muhula uliofuata alikuja akaketi karibu nami wakati wa uji, akanikatia nusu ya mkate wake bila kusema neno. Nikaelewa.

Kwa hiyo naleta maombi matatu mbele ya viranja na walimu wetu. Kwanza, kila mwanafunzi mgeni apewe mwenzi wa kidato cha juu, asiye kiranja, ili asiogope kumwambia lililo moyoni. Pili, Jumapili jioni kila bweni lipewe nusu saa ya kukaa pamoja, pasiwe na adhabu wala kuchekana. Tatu, wote tufundishwe kwamba maneno ya kutaka kufa si siri. Yapelekwe siku ile ile kwa nesi au mwalimu, kwa kuwa sisi wanafunzi tunaweza kusikiliza, lakini kutibu hatuwezi.

Mwisho, yako maneno tunayoambiana kila siku bila kuyafikiri. "Hujambo?" "Sijambo." Mtu hujibu hivyo hata kama hajala siku mbili. Ndugu yangu, ukimwona mwenzio ameacha mpira, ameacha kwaya na sahani yake inarudi imejaa, usitosheke na jibu la kwanza. Mwulize mara ya pili, kisha kaa chini umsubiri ajibu.