Usilaumu Mlango, Mlaumu Bawabu

Wako wasemao kwamba programu huria hazifai kuendeshea seva, kwa kuwa maandishi yake yako wazi na hata mwizi aweza kuyasoma. Msomaji, usilikubali neno hili kabla ya kulipima.

Mwezi wa Machi 2017 kasoro ilitangazwa katika Apache Struts, programu huria itumiwayo kujengea tovuti. Watengenezaji wake walitoa kiraka mwezi huo huo, bila ya malipo. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikukitia kila mahali kilipohitajiwa. Mwezi wa Mei wezi wakapita hapo hapo, wasitambuliwe mpaka Julai. Wakachukua habari za watu wapatao milioni 147. Je, kosa ni la fundi aliyetoa kiraka, au la mlinzi aliyekiacha? Tiba ilikuwapo, uliokosekana ni mkono wa kuitumia.

Nawe ukikabidhiwa seva kesho, tia viraka mara vitolewapo, funga milango isiyo na kazi, na soma kumbukumbu za wanaoingia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini siri ya mtu ikiisha kuibwa, hakuna ukuta uwezao kuirudisha.