Fundi wa Thika na Haki Yake

Wako watu, msomaji, wasemao kwamba hataza, yaani haki apewayo mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasikiunde wala kukiuza chombo chake bila idhini, ni jambo la matajiri. Fundi wa jua kali yamtosha nyundo yake. Nawapinga watu hao.

Tuseme fundi wa Thika ameunda mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, yenye kisu kijinoacho chenyewe kila kizungukapo. Kwa furaha aipeleka sokoni. Baada ya miezi michache mashine kama ile yauzwa Ruiru kwa bei ndogo, na muuzaji hajui hata jina la fundi. Je, ameibiwa? Kwa sheria, hapana, hakuomba haki. Sheria ya Kenya ya 2001 humwonea huruma: humpa miezi 12 tangu alipoionyesha, apeleke maombi yake. Ulaya, kwa kawaida, hapati huruma hiyo.

Zamani fundi alikuwa na udhuru. Kabla ya 1990 Nairobi ilisajili tu hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza, na fundi wa Thika angefikaje London? Leo ofisi iko Nairobi, safari ya matatu moja.

Wengine hudai kwamba mvumbuzi mwema hafungii watu ujuzi. Hawajui wasemalo! Mwombaji hulazimika kueleza chombo chake waziwazi, hata fundi mwingine aweze kukiunda kwa kusoma. Na miaka 20 ikiisha, ni mali ya wote. Afungiaye ujuzi ni yule afaye nao.

Wala si lazima uvumbuzi uwe wa ajabu. Kitu kidogo, kikiwa kipya na chenye kufaa kazini, chaweza kupata cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 10. (Mbegu ni habari nyingine: kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985 kupambana na chulebuni, haimo katika hataza, kwani aina za mimea zina sheria yake.)

Nawakubalia wapinzani wangu neno moja: ada zipo, na maelezo ni magumu kuandika. Neno likikosewa, mshindani hupenya hapo hapo. Lakini sheria haimlazimishi mkazi wa Kenya kuweka wakala. Ahitaji mtu ajuaye kupima, kuchora na kuandika. Wewe usomaye fizikia, likizo ijayo mwendee fundi huyo na rula na kalamu, kabla mashine haijafika sokoni.