AFYA YA ASKARI NA JAMAA ZAKE: Kasi na Ipimwe kwa Pumzi

Chukua mfano wa sajini wa polisi mwenye umri wa miaka 46, Mbajuni ambaye asili ya jamaa zake ni Darakasi, katika pwani ya visiwa vilivyo kusini ya Kismayo. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa ya mezani. Mkanda wa suruali umesogezwa matundu mawili, na ngazi za ofisi zimeanza kumhemesha. Daktari amempima akakuta shinikizo la damu limepanda kidogo. Akamshauri apunguze chumvi na aanze mazoezi ya viungo. Zaidi ya hayo, mtihani wa ukakamavu umekaribia, naye hapendi kuachwa nyuma na vijana ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kwata.

Jioni ile ile akaenda kwenye ukumbi wa mazoezi mjini. Huko akaikuta mashine ya kukimbilia, ile ambayo mkanda wake huzunguka chini ya miguu ya mtu, naye akaenda mbio bila ya kuondoka mahali alipo. Kando yake palikuwa na kijana anayekimbia kwa wepesi, na kibao chake kinaonyesha 10. Sajini akaona haya kuanza na tarakimu ndogo. Akabonyeza 6, akidhani ni kilometa 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi gari. Kumbe mashine ile ilihesabu maili. Maili 6 kwa saa ni karibu kilometa 9.7, na hizo ni mbio kamili kwa mtu ambaye hajakimbia miaka mingi. Alivumilia dakika nne. Alishuka huku ameshika nguzo, kizunguzungu kimemjaa, na usiku ule mkewe hakupata usingizi kwa kusikiliza jinsi anavyopumua.

Kosa la sajini huyo halikuwa uvivu, wala halikuwa woga. Kosa lake ni kwamba aliiachia mashine na kijana wa jirani wampangie mwendo, badala ya kuuliza mwili wake mwenyewe. Na kosa hili ndilo linalowapata wengi, hasa watu waliozoea amri. Askari amefundishwa kutii na kustahimili. Akipewa tarakimu huiona kuwa ni amri. Lakini moyo uliokaa muda mrefu bila kazi hauamrishwi kwa siku moja.

Yafaa ikumbukwe kwamba mashine za namna hii zina historia ya adhabu. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza aitwaye William Cubitt alibuni gurudumu kubwa la ngazi, likawekwa katika magereza ya nchi yake. Wafungwa walilipanda kwa saa nyingi kila siku, na mwendo wao haukupangwa na pumzi zao bali na gurudumu. Mateso hayo yaliachwa, lakini wapo watu leo wanaojirudishia adhabu ile kwa hiari yao.

Waganga wameitumia mashine kwa busara zaidi. Dokta Robert Bruce wa Seattle, Marekani, mwaka 1963 alieleza utaratibu wa kupima moyo wa mgonjwa kwa kumtembeza juu ya mkanda. Utaratibu huo ungali unatumika duniani. Mgonjwa huanza kwa kilometa 2.7 tu kwa saa, juu ya mwinuko wa asilimia 10, na kila baada ya dakika tatu kasi na mwinuko huongezwa. Basi ikiwa mganga mwenye vyombo vyote vya kuuangalia moyo huanza na mwendo wa kutembea, mtu aliye peke yake ukumbini ana haraka gani?

Siku ya pili yake, sajini aliketi barazani na mjomba wake, mzee aliyezaliwa na kukulia Darakasi kabla ya kuhamia mjini.

"Mjomba, mashine imenishinda," akasema.

"Haikukushinda, mwanangu," akajibu mzee. "Umeingia baharini bila ya kutazama upepo. Sisi tulipovuta makasia tukiimba, nyimbo zikikatika tulijua mwendo umepita nguvu zetu. Wewe ulipokuwa juu ya hiyo mashine yako, ungeweza kusema nami?"

Sajini akacheka, maana asingeweza hata kuitikia salamu.

Neno la mzee huyu ndilo wanalolisema wataalamu wa mazoezi, nalo linajulikana na kila aliyepita katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Katika mchakamchaka mmoja hutoa wimbo na wengine huitikia. Sauti za waitikiaji zikififia, kiongozi mwenye akili hajui tu kwamba wamechoka. Anajua pia kwamba kasi imewazidi. Wimbo ni kipimo, na kipimo hiki hakihitaji umeme wala kibao.

Kwa hiyo juu ya mashine mtu na ajipime hivi. Akiweza kuimba ubeti mzima bila ya kukatizwa na pumzi, mwendo wake ni mwepesi. Unafaa kwa kupasha mwili moto na kwa kumalizia. Akiweza kuzungumza sentensi kamili lakini hawezi kuimba, amefika katika mwendo wa wastani, na huo ndio unaomfaa mtu anayeanza na anayetaka kuujenga moyo. Akiweza kutoa maneno machache tu kisha akatafuta pumzi, mwendo ni mkali. Una faida yake kwa aliyekwisha kuzoea, tena kwa muda mfupi. Asipoweza kusema neno lolote, amepita mpaka, na yampasa apunguze mara moja.

Aliye na saa anaweza kuyahesabu mapigo ya moyo pia. Kanuni iliyoenea ni kutoa umri katika 220. Kwa sajini wa miaka 46 jawabu ni 174, nayo hukadiriwa kuwa ndiyo idadi kubwa kabisa ya mapigo yake kwa dakika. Mwendo wa wastani ni kati ya asilimia 64 na 76 ya idadi hiyo, yaani mapigo 111 hadi 132. Mtu asimamishe mashine kwanza, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa nne. Hata hivyo, kanuni hii ni makadirio. Watu wawili wa umri mmoja huweza kutofautiana kwa mapigo zaidi ya 10. Tena ziko dawa za shinikizo la damu ambazo hupunguza mapigo, na anayezitumia akifuata hesabu hiyo huenda akajikalifisha. Huyo na azungumze na daktari wake, na ategemee pumzi kuliko tarakimu.

Kabla ya kupanda, jambo la kwanza ni kutazama kama mashine inahesabu kilometa au maili. Jambo la pili ni kuanza kwa dakika tano za mwendo wa kilometa 4 kwa saa. Baada ya hapo kasi iongezwe kidogo kidogo, nusu kilometa kwa kila hatua, hadi mtu afike pale anapozungumza lakini haimbi. Kwa wengi wanaoanza, mahali hapo ni kati ya kilometa 5 na 6, na hapana haja ya kukimbia. Abaki hapo kwa dakika 15 au 20, kisha amalize kwa dakika tano za mwendo mwepesi. Asishuke ghafula, kwa maana damu iliyojaa miguuni huchelewa kurudi kichwani na mtu huweza kuanguka. Wala asiegemee nguzo za pembeni. Anayejining'iniza hapo hubebwa na mikono, na kibao humdanganya kwamba miguu imefanya kazi.

Wiki zinazofuata, kitu kimoja tu kiongezwe kwa wakati mmoja. Kwanza muda, kisha kasi, kisha mwinuko. Anayetaka kuanza mbio, mathalani kwa ajili ya mtihani wa ukakamavu, akimbie dakika moja na atembee dakika mbili, arudie mara sita au nane, siku mbili zisizofuatana katika wiki; siku nyingine atembee. Moyo na mapafu hupata nguvu upesi kuliko mifupa na kano. Hii ndiyo sababu wengi hujiona mashujaa katika wiki ya tatu, na katika wiki ya tano wanachechemea kwa maumivu ya miundi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika 30 kwa siku tano zatosha kufikia kiwango cha chini.

Lakini familia nyingi za askari hazina mashine, wala hazina haja ya kuinunua. Mama wa nyumbani, kijana na mzee wote wanaweza kutumia barabara au ufuko. Hapa pia tarakimu ya kasi peke yake haitoshi. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 1998 kwamba kutembea juu ya mchanga laini hutumia nguvu za mwili zaidi ya mara mbili kuliko kutembea kwa kasi ile ile juu ya ardhi ngumu. Kwa hiyo anayekwenda kilometa 5 kwa saa juu ya mkanda asitazamie kwenda hivyo hivyo juu ya mchanga mkavu. Wakazi wa pwani ya Wabajuni wanalijua jambo hili bila ya kitabu: mtu mwenye safari husubiri maji yapwe, akapita karibu na bahari ambako mchanga ni mgumu. Na kwa kuwa maji hupwa karibu dakika 50 baadaye kila siku, mwenye kufanya mazoezi ufukoni apange saa zake kwa maji, si kwa mazoea.

Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, yafaa kuanza kwa kuelekea kusini, upepo ukiwa usoni, ili marejeo yawe na msaada. Wakati wa kaskazi, kinyume chake. Atembee dakika 15 kwenda, kisha ageuke. Akitumia zaidi ya dakika 15 kurudi, ilhali upepo unamsukuma, basi alianza kwa kasi iliyomzidi, na kesho apunguze. Saa za alfajiri na jioni ndizo bora, kwani jua la pwani iliyo karibu na mstari wa ikweta halina huruma. Hata ndani ya ukumbi, anayekimbia juu ya mkanda hapati upepo wa mwendo wake mwenyewe. Madirisha yafunguliwe, na maji ya kunywa yawe karibu.

Wako watakaosema kwamba mabingwa hawakuanza polepole. Ni kweli kwamba Filbert Bayi, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho mjini Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Lakini mwaka 1987 mjini Roma, Abdi Bile wa Somalia alipata ubingwa wa dunia wa umbali huo huo kwa njia nyingine: mbio zilianza kwa mwendo wa chini, naye akawashinda wenzake kwa kasi ya mwishoni, akatumia dakika 3 na sekunde 36.8. Wote wawili walikuwa washindi, kwa sababu kila mmoja alizijua pumzi zake na alikuwa ameziandaa kwa miaka.

Yako mambo ambayo hayavumiliwi hata kwa askari hodari. Maumivu au uzito kifuani, maumivu yanayoenea mkononi au katika taya, kizunguzungu, na pumzi isiyorudi baada ya kupumzika ni dalili za kusimama na kwenda hospitali siku ile ile. Aliyevuka miaka 40 na kuacha mazoezi kwa muda mrefu, na mwenye kisukari au shinikizo la damu, aonane na daktari kabla ya kuanza. Nyumbani penye mashine, ichomolewe kwenye umeme baada ya kazi, kwani mkanda unaozunguka huchuna vidole vya watoto.

Sajini alirudi ukumbini baada ya siku tatu. Safari hii alikwenda pamoja na mkewe, na kibao kikawekwa kwenye kilometa 4, kisha 5. Kijana wa jirani akazidi kukimbia, sajini hakumtazama. Kila baada ya dakika chache mkewe, aliyesimama kando, alimwuliza jambo la nyumbani: karo ya mtoto, samaki wa kesho, barua ya shangazi. Alipojibu kwa ukamilifu, waliiacha kasi ilivyo. Alipojibu kwa neno moja, mama huyo alinyoosha kidole kwenye kibao, na mume akapunguza bila ya kubisha. Mwenda pole hajikwai. Na katika nyumba ile usiku uliofuata, wote wawili walilala.