Nani Ahukumuye Mwanga?

Yako maneno yasemwayo siku hizi kwa wepesi mno kila aonekanapo mtu mzima amening'iniza kamera kubwa shingoni. Husemwa kwamba amerudia utoto, kwamba ametupa fedha, kwamba simu iliyomo mfukoni mwake ingalimfanyia kazi ileile pasipo mzigo. Wasemao hivyo si wajinga. Wengi wao ni wanachuo, na baadhi ni walimu wenzangu ambao nawaheshimu sana. Walakini naona wamepotoka, na upotofu wao si wa kupuuzwa, kwa kuwa wanaachia bure kitu ambacho sisi tusomao na tufundishao fasihi tungepaswa kukilinda kuliko watu wote, nacho ni haki ya mtazamaji kuhukumu mwenyewe alichokiona.

Kwanza tuelewane juu ya chombo. Kamera ninayoitetea ni ile ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani yake na lenzi ivulikayo. Mpigaji huona kwa lenzi ileile itakayopiga. Abonyezapo kifungo, kioo huinuka, shata hufunguka, na mwanga huangukia kihisi mahali palipokuwa pa filamu. Kodak iliiuza ya kwanza mwaka 1991, ikiwa imejengwa juu ya umbo la Nikon F3, na pikseli zake zilikuwa milioni 1.3 tu. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D kwa bei isiyofika dola 1,000 za Marekani, na tangu hapo kamera hizi hazikuwa tena mali ya wapiga picha wa magazeti peke yao. Hivi sasa watengenezaji wakubwa wameelekea kwenye kamera zisizo na kioo, na wapenda mapya wameuza walizokuwa nazo. Hilo halitudhuru. Mimi niliyepiga picha kwa filamu katika ujana, nikaacha miaka mingi, nimeweza kurudi kwa sababu wengine wameondoka.

Sasa niingie katika shauri lenyewe. Kila kamera ina kipima mwanga, na kipima mwanga kina imani moja: kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, hupata wastani wa rangi ya kijivu. Kijivu hicho kwa desturi hukadiriwa kuwa hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Msimamishe mzee mweusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, Lamu au Unguja, saa sita ya mchana. Kipima mwanga huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, nacho huupunguza. Kanzu huwa ya kijivu, na uso wa mzee huwa shimo lenye macho mawili. Mketishe bibi mwenye buibui mbele ya mlango wa mti mweusi. Kipima mwanga huona giza, huongeza mwanga, na buibui hupauka kama nguo iliyoanikwa juani miaka kumi, na uso uliokuwa na wekundu wa maji ya kunde hufanywa kuwa kama wa mgonjwa. Chombo hakikukusudia ubaya. Kilitii kilichofundishwa, na aliyekifundisha hakuwa na mzee wala bibi huyo mbele yake.

Hapa ndipo kamera kubwa inapompa mtu nafasi. Mwenye kujua huzungusha gurudumu moja kwa kidole gumba, akaongeza mwanga hatua moja au moja na nusu kwa ajili ya kanzu, akapunguza kadiri hiyo kwa ajili ya buibui. Hatua moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili, au kuugawa nusu. Kazi hiyo haichukui muda wa kufumba na kufumbua. Lakini ni hukumu, na aliyeitoa anaweza kuulizwa kwa nini ameitoa.

Wako watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya zamani. Wanakumbuka, na ni kweli, kwamba tangu miaka ya 1950 maabara nyingi za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa, na kwamba sura nyeusi zilitoka humo zikiwa vivuli. Huongeza kwamba dhuluma hiyo imekwisha, kwa kuwa mwaka 2021 Google ilitangaza katika simu zake za Pixel 6 mpango uitwao Real Tone, uliotengenezwa ili ngozi nyeusi zionekane kwa uzuri na ukweli. Mimi siukebehi mpango huo. Ni afadhali mhandisi atukumbuke kuliko atusahau. Lakini kukumbukwa si kuamua. Jana mhandisi aliamua kwamba tu weusi mno, leo ameamua kwamba tu weusi wa kupendeza, na mara zote mbili sisi tulikuwa tumeshika simu tu.

Jambo la pili latuhusu zaidi sisi wa vyuo, nalo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Simu ya kisasa haipigi picha moja. Aghalabu hupiga kadha wa kadha kwa kufuatana, ikazichanganya, ikalainisha palipo na chengachenga, ikanoa palipofifia, kisha ikakuonyesha zao lake kana kwamba ndilo ulilolitazama. Mwezi Machi 2023 mtu mmoja aliifanya picha ya mwezi kuwa na ukungu makusudi, akaiweka kwenye skrini, akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamtolea mwezi wenye mabonde ambayo hayakuwamo katika kile alichokipiga. Kampuni ikaeleza kwamba programu yake hutambua mwezi na kuuongezea undani. Kwa mwezi, na iwe hivyo; hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini tufikiri juu ya hati ya utenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ya namna ambayo wanafunzi wetu huifuata katika nyumba za watu Pwani, Pate na Siyu, Mombasa na Pemba. Katika herufi hizo nukta moja chini ni ba, nukta moja juu ni nuni, nukta mbili juu ni ta. Karatasi imetafunwa na wadudu, imepata unyevu, ina madoa meusi ambayo ukubwa wake ni ule ule wa nukta. Ni nani atakayeamua kwamba hili ni doa na ile ni nukta? Kazi hiyo ndiyo kazi ya mhariri wa maandishi ya kale. Usomi wake wote umo humo. Nasi tunampa mtafiti simu ambayo, kabla hajafungua kinywa, imekwisha kuamua ni chembe gani ni uchafu wa kulainishwa na ni mstari gani ni wa kunolewa. Kisha twamhoji kwa ukali juu ya usomaji wake wa mshororo, wala hatumhoji neno juu ya picha aliyousoma mshororo huo.

Kamera yenye lenzi ya kukuza vitu vya karibu, ya milimita 60 au 100, ikiwekwa juu ya miguu mitatu na mwanga ukitoka upande mmoja, huweza kuonyesha hata mahali kalamu ilipokwaruza karatasi. Nayo hutoa faili ghafi, yaani hesabu ya mwanga uliokifikia kihisi kabla haijapambwa. Najua faili ghafi si malaika. Nayo hutafsiriwa na programu ndipo ionekane. Najua pia zipo simu zitoazo faili ghafi, na mwenye kuitumia kwa namna hiyo sina ugomvi naye, ila kwamba kihisi cha simu nyingi hakifiki milimita za mraba 100, na kile cha kamera kubwa ya 36 kwa 24 ni 864. Tofauti kubwa ni hii, kwamba kwenye faili ghafi tafsiri inaweza kurudiwa na mtu mwingine, kwa shaka nyingine, miaka mingi baadaye.

Nisidhaniwe kuwatetea wote waliorudi. Wako waliorudi na mifuko ya lenzi: ya milimita 24, ya 85, ya 200, na nyingine ambayo hawajapata kuivua kifuniko. Hujadili wembamba wa kioo kama watu wajadilivyo bei ya viwanja, kisha hugeuza gurudumu kwenye alama ya kijani na kuiacha kamera iamue yote. Hao hawakurudi kwenye upigaji picha, wamerudi dukani. Lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo ni katika zile za bei nafuu kuliko zote, yatosha kumfundisha mtu mwaka mzima, kwa kuwa haivuti wala haisukumi, na humlazimisha mwenyewe atembee.

Imebaki hoja moja ya wapinzani, kwamba kamera kubwa huwashtua watu. Huwashtua, naam, na hiyo ni sifa yake. Haiwezi kupigwa kwa siri katika ukumbi wa harusi ambamo wanawake wamevua mabuibui wakiaminiana. Huonekana tangu mlangoni, ikapiga hodi, na mwenye uso akapata nafasi ya kukataa.

Kwa hiyo naidai idara yoyote ya Kiswahili ipelekayo wanafunzi kukusanya hati iwe na kamera moja ya namna hii kabatini, iliyotumika ikibidi, pamoja na lenzi mbili na miguu mitatu, na iwafundishe kuitumia kabla ya safari kama ilivyowafundisha kutumia kinasa sauti. Tena tasnifu yoyote yenye picha za hati iwekwe maktabani pamoja na faili zake ghafi. Anayeona dai hili ni la anasa anijibu kwanza, katika kurasa hizi hizi, ni kwa ushahidi gani atatofautisha doa na nukta.