Je, Kuamini Tu Kwatosha?

Liko neno moja lisemwalo sana makanisani na majumbani mwetu, nalo husemwa kwa ushupavu, kana kwamba likishatamkwa hapana shauri tena: "Mimi nimeamini, hayo mengine si kitu." Mtu akiambiwa alipe deni lake, hujibu hivyo. Akiambiwa amrudishie mjane wa nduguye shamba alilomnyang'anya, hujibu hivyo. Akiulizwa imekuwaje yeye na jirani yake hawaamkiani mwaka wa pili huu, nao wote wawili huijongea meza ya Bwana, hujibu hivyo tena, na kuongeza ya kuwa wokovu si kwa matendo. Sisi tufundishao tumelisikia neno hili mara nyingi, hata tumeliona kuwa kichaka cha kujifichia. Basi leo twalijibu, pasipo kumchukia mtu wala kumwogopa mtu.

Kwanza tuwape haki yao. Neno lenyewe, kwa asili yake, ni la kweli. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 3, afundisha wazi ya kuwa mtu hupata haki mbele za Mungu kwa imani, wala si kwa kuishika sheria. Tena yule mhalifu aliyesulibiwa pamoja na Bwana hakupata hata siku moja ya kutenda jema: hakubatizwa, hakutoa sadaka, hakumrudishia mtu mali yake, hata hivyo aliahidiwa kuingia peponi siku ile ile. Kwa hiyo wale wanaohesabu mabati waliyolipa kanisani na magunia waliyotoa siku ya mavuno, wakidhani Mungu huwaandikia katika daftari kama mwenye duka, nao wamepotea. Mungu hadaiwi na mtu. Kwa hao hatuna maneno mengi leo, maana kosa lao lajulikana, nalo limekemewa tangu zamani. Kosa la hawa wa pili ndilo gumu, kwa sababu limevaa nguo za kweli.

Hebu tuwaulize: mmesoma mpaka wapi? Katika Waraka kwa Waefeso, mlango wa 2, wao hupenda sana aya ya 8 na ya 9, zielezazo habari ya neema na imani. Hapo hufunga kitabu. Lakini aya ya 10 iko papo hapo, nayo yaeleza tuliokolewa kwa kusudi gani: ni ili tuyatende mema ambayo Mungu alikwisha kututayarishia. Ni mwana gani apokeaye barua ya baba yake, akasoma nusu, kisha akatangaza kwamba ameyajua mapenzi ya mzee?

Wengine hutujibu: "Yakobo asema lake, Paulo lake, sisi twamfuata Paulo." La, hasha! Hao hawakugombana, kila mmoja alikuwa akimjibu mtu wake. Paulo alishindana na waliotaka watu wa mataifa watahiriwe kwanza, ndipo wahesabiwe kuwa watu wa Mungu. Yakobo alishindana na mtu amwonaye nduguye hana nguo wala chakula, akamwaga kwa maneno matamu bila ya kumpa kitu. Nao wote wawili wamtwaa Ibrahimu kuwa shahidi wao. Paulo aelekeza kitabu cha Mwanzo, mlango wa 15, Ibrahimu alipoiamini ahadi akiwa hana mtoto. Yakobo aelekeza mlango wa 22, alipompandisha Isaka mlimani. Na tuhesabu miaka. Ibrahimu alikuwa na umri wa miaka 86 alipozaliwa Ishmaeli, na miaka 100 alipozaliwa Isaka. Na siku ya mlimani Isaka alikuwa amekwisha kuwa kijana awezaye kuchukua mzigo wa kuni. Maana yake, kati ya milango hiyo miwili ilipita miaka zaidi ya 14. Imani ile haikulala muda huo wote. Ilikua, na siku ya kujaribiwa ikaonekana. Yakobo hasemi kwamba Ibrahimu alinunua haki kule mlimani. Asema imani yake ilikuwa hai. Tena atukumbusha ya kuwa hata pepo wabaya wanamwamini Mungu, nao hutetemeka. Basi, kama kuamini ni kukubali kwa kichwa tu, pepo nao wangestahili kupewa cheti cha kipaimara.

Wengine hulikimbilia jina la Martin Luther. Ni kweli, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, katika Warumi 3:28 alitia neno lenye maana ya "peke yake", ambalo halimo katika Kiyunani, na mwaka 1530 akaandika barua ya kulitetea. Ni kweli pia ya kuwa mwaka ule wa 1522 aliudharau Waraka wa Yakobo, akaufananisha na majani makavu. Lakini laiti hao wamtajao wangeisoma dibaji yake ya Waraka kwa Warumi, ya mwaka ule ule! Humo aeleza ya kuwa imani ni kitu chenye uhai na nguvu, wala haiwezi kukaa bila kutenda mema. Haingoji hata kuulizwa, maana imekwisha kutangulia kazini.

Tena yako yaliyofuata. Mwaka 1528 Luther na wenzake walizunguka katika sharika za Saksonia kukagua hali ya Wakristo. Walikuta nini? Watu waliobatizwa, wenye kushiriki meza ya Bwana, wasiojua hata Sala ya Bwana. Jambo moja tu walikuwa mafundi nalo, yaani kuutumia vibaya uhuru waliohubiriwa. Kwa uchungu wa mambo hayo Luther akaandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529. Wewe uliye nayo nyumbani, ifungue. Sehemu ya kwanza ni ipi? Ni Amri Kumi za Mungu. Mtu yule yule aliyehubiri imani peke yake alianza kuwafundisha watoto habari ya wizi, ya uzinzi na ya ushahidi wa uongo. Basi, amtajaye Luther ili aachiwe shamba la mjane, amtaja mtu asiyemjua.

Kanisa Katoliki nalo halikunyamaza. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulimkataa asemaye ya kuwa imani peke yake yatosha, hata hapana jambo jingine litakiwalo kwa mtu. Lakini kanuni ya kwanza kabisa ya tamko lile ilimkataa asemaye ya kuwa mtu aweza kupata haki kwa matendo yake mwenyewe pasipo neema. Mashindano hayo yakaendelea zaidi ya miaka 400. Hata tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko moja. Walikiri pamoja ya kuwa Mungu hutupokea kwa neema tu, tukimwamini Kristo, wala si kwa stahili yetu. Na kwamba Roho apewaye waaminio huwafanya upya na kuwatuma katika matendo mema. Wamethodisti wakaungana nao mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Hawakumaliza tofauti zote. Lakini ikiwa waliotengana kwa neno hili wameweza kukaa meza moja na kulisoma mpaka mwisho, ni aibu iliyoje kwetu kulisoma nusu ili tukimbie wanaotudai!

Wala si lazima twende Ulaya kutafuta mashahidi. Katika miaka ya 1930 uamsho ulitokea Gahini, nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya. Watu wa uamsho ule, walioitwa Walokole, walihubiri damu ya Yesu tu, wala hawakutaka kusikia habari ya mtu kujiokoa mwenyewe. Je, majirani waliwajua kwa alama gani? Waliwajua kwa sababu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni waliyokuwa wameyakana, wakawaendea waliowakosea na kuungama. Ndivyo alivyofanya Zakayo. Bwana Yesu hakumwambia alipe kwanza ndipo aingie nyumbani mwake, alijialika mwenyewe. Lakini alipokwisha kupokewa, Zakayo alisimama akaitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Laiti angalisema, "Nimeamini, fedha zao na zikae kwangu," nani angaliamini kwamba wokovu umeingia nyumba ile?

Sisi tu wakulima, na tulitazame jambo hili kwa jicho la mkulima. Mvua hatuileti sisi. Hata mtu alime usiku na mchana, jembe lake halitoi wingu, wala hapana mwenye akili ajisifuye, "Mvua hii imenyesha kwa sababu ya bidii yangu." Ndivyo ilivyo neema. Lakini mvua imenyesha siku tatu, ardhi imelowa, majirani wote wako shambani, na mtu mmoja amekaa barazani akisema, "Naamini sana ya kuwa mvua imenyesha." Je, huyu ameamini? Mbegu zake zi ghalani, na kwa kukaa kwake ameonyesha kwamba hakuitegemea mvua hata kidogo.

Kwa hiyo swali hili, kama imani peke yake yatosha, lina majibu yake kwa kadiri ya aulizaye. Akiuliza mgonjwa kitandani, asiye na nguvu za kuinua mkono, naye aogopa kwa sababu hana jema la kumpelekea Mungu, twamjibu bila kusita: Yatosha, mama, yatosha, baba, mshike Kristo tu, uwe na amani. Wala mtu asimwongezee mzigo. Akiuliza mwenye afya, mwenye ng'ombe zizini na fedha za watu mfukoni, ambaye haulizi habari ya wokovu bali atafuta njia ya kutoa kidogo kabisa, huyo twamjibu: Imani yatosha, lakini wewe bado hujatuonyesha imani. Mafundisho ni yale yale kwa wote wawili. Waulizaji ndio mbalimbali.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuimba, wala kushuhudia mbele ya watu. Basi, ndugu wasomaji, Jumapili ya kushiriki chakula cha Bwana haiko mbali. Ye yote miongoni mwetu aliye na shamba lisilo lake, na alirudishe kabla ya siku ile. Hatamlipa Mungu kwa kufanya hivyo. Atakuwa amemlipa mjane tu. Lakini kijiji kizima kitajua ya kuwa mvua imemnyeshea.