Nani Aliyeinua Vilima Hivi?

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba sanaa ni pambo la sebuleni, na kwamba mandhari ni milima, mito na jua linalotua. Kazi za William Kentridge, mchoraji na mchapaji picha aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955, zinapinga dhana hiyo.

Mandhari anayoichora ni nyika iliyotapakaa nguzo za umeme na vilima vya vifusi vya migodi. Tangu dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, vilima hivyo vimeinuliwa kwa jasho la vibarua kutoka Msumbiji, Malawi, Lesotho, na hata kusini mwa Tanganyika. Dhahabu ilichukuliwa na wenye mitaji, vifusi vikabaki. Majani yakiota juu yake, mpita njia hudhani ni kazi ya Mungu.

Katika filamu yake ya michoro ya makaa, "Mine", ya mwaka 1991, tajiri mwenye migodi yu kitandani akipata kahawa. Anabonyeza kichujio cha birika; kichujio kinapenya sinia, kinapenya kitanda, kinazama ardhini hadi waliko wachimbaji. Hivyo starehe ya bwana imeunganishwa na shimo la mnyonge. Hotuba ndefu isingeeleza zaidi.

Miaka ya 1980 alichapa kwa mabamba ya chuma mfululizo wa picha unaoupindua ule wa Mwingereza William Hogarth wa mwaka 1747. Hogarth alifundisha kwamba mwenye bidii hufanikiwa na mvivu huangamia. Kentridge alijibu kwamba penye ubaguzi, bidii ya mnyonge haimtoi katika ufukara.

Lakini tuseme kweli. Uchapaji ni sanaa ya umma kwa asili yake, maana bamba moja hutoa nakala nyingi. Leo nakala hizo huhesabiwa na kuuzwa kwa bei asiyoiweza mchimbaji yeyote. Soko limeifungia sebuleni sanaa iliyotoka kuishutumu sebule.

Kwa hiyo wajibu unatuangukia sisi. Mwalimu wa jiografia asiishie kutaja kimo cha kilima. Awaulize wanafunzi ni nani aliyekiinua, na kwa ujira gani. Naye mtumishi wa umma, kabla ya kutia sahihi kibali cha mgodi, ajiulize: dhahabu itakwenda kwa nani, na vifusi atabaki navyo nani?