Kabla uandike programu, keti na mweka hazina wa chama

Karibu kila kijana mtaani siku hizi anajifunza kuandika programu. Sawa. Lakini uliza ni nani anajifunza kuamua hiyo programu ifanye nini, watu wanakutazama tu. Na ni hapo pesa zinapotelea: kijana anakesha miezi mitatu, anapeleka kazi, mteja anasema "hii si ile nilitaka," na salio halilipwi. Kila mmoja anaamini ameibiwa.

Kazi ya kuzuia ugomvi huo inaitwa uchambuzi wa biashara, na msingi wake ni kuandika mahitaji ya mfumo. Wengi wanaidharau kwa sababu haina ile skrini nyeusi ya maandishi ya kijani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi, na unaweza kuianza bila hata kompyuta.

Chukua chama cha akina mama kinachotaka mfumo wa kurekodi michango. Watakwambia, "Tunataka kitu rahisi." Usiandike hilo, "rahisi" haipimiki. Keti na mweka hazina siku ya mkutano, angalia daftari lake, kisha umuulize yale hayako kwenye daftari. Mama akituma kwa simu ya mumewe, mchango unaandikwa kwa jina la nani? Akileta nusu, faini inahesabiwa vipi? Mwanachama akifariki, nani anaruhusiwa kuona akiba yake? Utasikia wameanza kubishana wenyewe. Waache wabishane! Ni heri ubishi huo utokee hapo kwenye viti vya plastiki kuliko baada ya mfumo kulipiwa.

Halafu andika: "Kama mweka hazina, nataka kumchagua mwenye mchango uliotoka kwa namba nisiyoijua, ili pesa zake zisipotee." Chini yake andika mtajuaje imefanya kazi: namba ngeni ikituma shilingi 500, mfumo uziweke kando hadi jina lichaguliwe, na katibu apate ujumbe. Hilo mtu yeyote anaweza kulijaribu na kusema ndiyo au la. Na kama nusu ya wanachama wana mulika mwizi, andika pia, maana apu yako ya Android haitawafikia. Hapo ni SMS au USSD.

Tena usiishie kwa yale watu wanasema, tazama wanachofanya. M-Pesa yenyewe, majaribio yalipoanza 2005, ilikuwa ya kusaidia wateja wa Faulu Kenya kulipa mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao. Waliosimamia majaribio wakaliona hilo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Hebu fikiria wangeshikilia karatasi ya kwanza.

Kama unataka njia rasmi, shirika la IIBA lina mwongozo uitwao BABOK na cheti cha ECBA kwa wanaoanza. Soma ukipata nafasi. Lakini Jumapili hii kuna chama kinakutana karibu na kwenu. Omba ruhusa, beba daftari na kalamu. Ukimaliza kuandika, wasomee sentensi moja moja kwa lugha yao, na usiguse kompyuta kabla mweka hazina hajatia sahihi.